Mtungi wa Gesi Jikoni: Anayenunua Naye Ajifunze

Ulikuwa usiku mmoja katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, yapata saa tisa, na mvua ya masika ilikuwa ikinyesha tangu baada ya Tarawehe. Ndugu waliokaa itikafu katika msikiti wetu hapa Babati mjini, baadhi walikuwa wamelala na wengine wakisoma Qur'ani, wakisubiri daku. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mama lishe karibu na stendi ya mabasi, alifika na kijana wa kumsaidia kubeba masufuria. Jiko letu lipo nyuma ya msikiti. Ni chumba kidogo chenye mlango mmoja na dirisha moja, na kwa sababu ya mvua vyote viwili vilikuwa vimefungwa tangu Isha. Mama alifungua mlango, akainama kuokota ndoo iliyokuwa kizingitini, na hapo chini, usawa wa magoti, akakutana na harufu nzito kama ya yai viza. Kijana aliyekuwa nyuma yake alikwishainua mkono kutafuta swichi ya taa.

Alimdaka mkono kabla haujafika ukutani. "Usiguse kitu! Rudi nje, mwanangu." Kisha akanyoosha mkono wake kwenye mtungi uliokuwa karibu na mlango, akafunga koki kwa kupapasa gizani, akauacha mlango wazi, na akazunguka nje kulisukuma dirisha. Sisi tuliotoka msikitini na simu zinazomulika alituzuia mbali, pale penye tangi la maji. Daku ya siku ile ilikuwa tende na maji, na hakuna aliyelalamika.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, aliniita jikoni. Alikuwa ameshika mpira uliounganisha mtungi na jiko.

"Katibu mwanangu, huu mpira ulinunua wewe?"

"Ndiyo, mama, ni mimi."

"Huu ni wa kumwagilia bustani."

Sikuwa na la kujibu. Wakati kamati ilipoamua kuachana na kuni katika jiko la futari, mimi ndiye niliyetumwa dukani. Mitungi miwili ya kilo 15 niliinunua kama tulivyokubaliana, lakini nilipoambiwa bei ya mpira maalumu wa gesi niliona ni ghali, nikachukua wa kawaida. Fundi aliyetufungia hakuwa na vibano vya chuma, basi tukaukaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Katika taarifa yangu kwa kamati niliandika kwa fahari kwamba nimeokoa shilingi elfu kadhaa za msikiti. Joto la siku ishirini na ushee za kupika uji na maharage lilikuwa limeukausha mpira ule mpaka ukapasuka pale ulipokazwa, na kwa kuwa aliyemaliza kupika jioni alizima jiko tu bila kufunga koki ya mtungi, gesi ilivuja saa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa.

Naandika haya kwa sababu najua kosa langu si langu peke yangu. Katika nyumba zetu nyingi mume ndiye anayetoa fedha na kuchagua mtungi. Humpa kijana wa bodaboda aulete, naye huuleta umelazwa juu ya tangi la pikipiki, na kwa mtazamo wa mume kazi yake imekwisha hapo. Yule atakayesimama mbele ya moto kila siku, mke, binti au dada wa kazi, hakushirikishwa katika ununuzi wala hakuelezwa lolote. Na anayenunua hajui anachokinunua.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya kilo 6 imekuwa ikitolewa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Ni heri kubwa. Mwenye macho anaiona milima inayotuzunguka ilivyopungua miti, na mwenye mama mzee nyumbani anakijua kikohozi cha moshi wa kuni. Lakini mtungi umeingia katika nyumba nyingi ukiwa umetangulia elimu yake.

Gesi ni kitu gani hasa

Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, iliyogandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Utikisapo mtungi unasikia kitu kikicheza ndani kama maji. Kimiminika hicho kikitoka na kuwa hewa hutanuka zaidi ya mara 200, ndiyo maana uvujaji unaoonekana mdogo hujaza chumba. Kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoisikia imetiwa kiwandani kwa makusudi, ili pua ituonye kabla ya moto, na mwenye kuizoea na kuipuuza amelitupa onyo lenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui, nami nilikuwa mmoja wao, ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi hupanda darini, lakini gesi hushuka, ikatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza, chini ya kitanda na kwenye mashimo. Ndiyo sababu mama yule aliisikia alipoinama. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, bali panahitajika pia upenyo wa chini, hata kama ni nafasi iliyoachwa chini ya mlango au tundu la tofali karibu na sakafu. Wanaoishi nyumba za kupanga, vyumba vikitazamana kwenye korido moja, wajue kuwa gesi inayovuja kwako yaweza kuingia chumbani kwa jirani aliyelala na watoto wake. Hapo haki ya jirani inaingia jikoni, pamoja na ile kanuni ya fiq'hi inayomkataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Ukiisikia harufu, funga koki ya mtungi ikiwa unaifikia kwa usalama, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje. Usiwashe taa, na wala usiizime iliyowaka, kwa sababu swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Usiwashe kiberiti, tochi wala feni. Simu itumie ukiwa umekwisha kuwa mbali na nyumba. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kupiga ni bure. Watoto wa darasa la nne wanaweza kuikariri kama wanavyokariri sura fupi.

Panya na utambi

Katika Sahih mbili, ya Bukhari na ya Muslim, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) anasimulia kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake ndani. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwaeleza watu kuwa moto huu ni adui kwao, na akawaamuru wauzime wanapokwenda kulala. Katika mapokezi ya Jabir (r.a.) imetajwa na sababu: panya huweza kuuburuta utambi wa taa na kuwaunguza watu wa nyumba. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa amri hii imefungamana na sababu hiyo, yaani hofu ya moto kuenea. Palipo na hofu amri ipo, na pakiwa na usalama wa hakika hapana ubaya.

Nilisoma hadithi hizi chuoni na kuzifundisha watoto wa madrasa, na kila mara nilizieleza kwa koroboi na kandili, kama mambo ya zamani. Baada ya usiku ule nimeona zinavyozungumza na jiko la leo. Koki ya mtungi iliyoachwa wazi usiku ni sawa na utambi ulioachwa ukiwaka. Hata panya bado yupo, maana hutafuna mipira ya gesi, hasa ile inayopita nyuma ya kabati palipo na makombo. Kwa hiyo kila usiku, baada ya chombo cha mwisho kuoshwa, funga koki ya mtungi au regulata yake, usitosheke na kufunga kitufe cha jiko. Ni jambo la sekunde mbili. Nyumbani kwangu tumelifunga na Isha: anayekwenda kutia udhu hupitia jikoni kwanza.

Na Ramadhani ina hatari yake ya pekee. Mpishi wa daku huamka na usingizi machoni, saa kumi alfajiri, nyumba ikiwa imefungwa tangu jioni. Afungue mlango na dirisha la jiko kwanza, anuse akiwa ameinama, ndipo awashe taa. Kisha ndipo afikirie kiberiti.

Dukani na jikoni

Turudi kwa anayenunua. Mpira wa gesi huwa na maandishi yanayoonyesha kuwa ni wa gesi, na aghalabu mwaka uliotengenezwa. Uchukue mfupi, wa kiasi cha mita moja na nusu, usiopita nyuma wala juu ya moto, na ukazwe kwa vibano vya chuma pande zote mbili. Ukiona umekuwa mgumu, umepasuka au unanata, ubadilishe hata kama jana ulikuwa unafanya kazi. Regulata lazima ioane na koki ya mtungi wako. Mitungi ya kampuni tofauti haiko sawa, na ile ya kulazimishwa kwa nyundo, ambayo nimeiona kwa macho yangu, irudishwe ilikotoka.

Kisha pima. Shingoni au ubavuni mwa mtungi pamechapwa uzito wake ukiwa mtupu. Tuseme ni kilo 7 na nusu: mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa unapaswa kufika kilo 13 na nusu. Mwombe muuzaji auweke kwenye mizani mbele yako. Hilo ni haki yako kisheria na hakuna sababu ya kuona haya. Wakala wa Vipimo na EWURA wamekuwa wakisisitiza kuwa muuza gesi awe na mizani dukani. Nasi wafanyabiashara Waislamu tuna Suratul Mutaffifin, iliyoanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo, na gesi imo katika onyo hilo kama vile mahindi na mbaazi. Mtungi uliojazwa vichochoroni kwa kuhamishiwa gesi kutoka mtungi mwingine usiuguse hata kwa nusu bei.

Ukifika nyumbani usimamishe wima na uuache utulie kabla ya kuufunga. Mtungi haulazwi kamwe, uwe unatumika au umekaa, kwa sababu ukilala kile kimiminika chenyewe huingia kwenye koki na regulata badala ya hewa yake. Baada ya kuufunga, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, ufungue koki na utazame. Mapovu yakivimba, panavuja. Kujaribu kwa njiti ya kiberiti, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, ni kuialika balaa.

Wenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, ambao ndio wengi hapa kwetu, wana tahadhari ya ziada. Mtungi ule ni mwembamba na jiko lake ni dogo. Uji wa mtoto, chai, mboga, hayo unayaweza. Lakini sufuria ya ugali wa watu wanane, mpishi akiusonga kwa nguvu zake zote, huuyumbisha mtungi wote. Familia kubwa ijitahidi kupata jiko la plati mbili la kuwekwa mezani, na mpaka litakapopatikana, ugali upikwe kwa awamu mbili. Kagua pia kile kiduara cha mpira kinachokaa kati ya jiko na koki, kwani kikichakaa gesi huvujia hapo hapo chini ya moto.

Kuwasha kuna mpangilio wake: njiti iwake kwanza na isogezwe kwenye jiko, kisha ndipo kitufe kifunguliwe. Ukishindwa kuwasha, funga, ngoja gesi itawanyike, uanze upya. Na dada zetu nawaombea radhi kwa kuingilia mavazi yao, lakini mtandio unaoning'inia na mikono mipana ya dira na baibui hudaka moto haraka mno. Mtandio ufungwe nyuma, mikono ikunjwe. Jikoni ukiwa na mahramu wako hapana sababu ya kupika na baibui.

Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa njano na masufuria yakaanza kuota masizi, hewa haichanganyiki vizuri na gesi, na mara nyingi dawa yake ni kusafisha matundu ya jiko yaliyozibwa na uji uliomwagika. Tumia sindano jiko likiwa limepoa. Moto wa njano hupoteza gesi na huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hewa hiyo hutoka kwa wingi zaidi kwenye makaa, na hapa Babati, baridi ya Juni na Julai inapotufanya tuingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili tupate joto, tunajiweka katika hatari kubwa kuliko ile ya gesi tunayoiogopa.

Mbaazi, wali na bei ya gesi

Malalamiko ninayoyasikia barazani ni kwamba gesi inaisha upesi. Ndiyo maana nyumba nyingi hupika chai kwa gesi na kurudi kwenye mkaa kwa maharage, makande na mbaazi, ambazo wilaya yetu inazilima kwa wingi. Kuna sababu ya kimaumbile: mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Nafaka ngumu huchelewa kuiva, na kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu. Unachoongeza ni bili.

Kinachosaidia ni kuloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, kufunika sufuria, na kupunguza moto mara tu maji yanapochemka. Mwenye uwezo anunue sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto la maji na kufupisha muda wa mbaazi kwa zaidi ya nusu. Mpira wa mfuniko wake na tundu la kutolea mvuke vikaguliwe kila mara, na usifunguliwe kabla mvuke haujaisha. Ndimi za moto zisipite kando ya sufuria, maana zinazopita kando zinapasha ukuta. Chai ikiiva iingie kwenye chupa badala ya kupashwa mara nne. Nyumbani kwetu tuko sita. Mtungi wa kilo 6 uliokuwa ukitutosha wiki mbili na nusu sasa hufikisha wiki tatu na siku kadhaa, na hatujaacha kula chochote.

Wali ndio uliokuwa kikwazo cha mama yangu mzazi. Kwake wali usiopaliwa makaa juu ya mfuniko si wali, na alikataa gesi kwa hoja hiyo moja. Tulipatana hivi: maji yakikaribia kukauka, sufuria inawekwa juu ya kikaango cha chuma cha chapati, moto unateremshwa mpaka chini kabisa, kitambaa safi kinafungwa juu ya mfuniko ncha zake zikiwa juu, na unaachwa dakika kumi na tano bila kufunuliwa. Punje hujitenga na chini haushiki. Pilau ya Idi aliipika hivyo yeye mwenyewe, ingawa hajakiri kuwa ni sawa na ya makaa.

Mafuta yakiwaka kikaangoni, zima gesi na ufunike kwa mfuniko au kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, wala usitie maji. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, unga na ute wa yai vinamwongezea daktari kazi ya kuvisafisha.

Kamati imekwisha kununua mipira miwili ya gesi na vibano vyake, na mitungi imehamishiwa nje ya chumba, chini ya kibanda cha mabati chenye wavu. Mama yule sasa ndiye msimamizi wa jiko, na hakuna kifaa kinachonunuliwa kabla yeye hajakishika. Tumenunua pia mizani ya kuning'iniza, ya aina wanayopimia magunia ya mbaazi. Ipo barazani kila Jumamosi baada ya Alasiri, kwa jirani yeyote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Anayekuja aufunge mtungi wake vizuri, aulete ukiwa wima, na kama ni mume, afuatane na anayepika.